Ng'ombe Waliorukwa

Barua ya onyo bado ninayo. Ilipigwa kwa taipureta ambayo herufi yake ya "a" imekatika mkia, na inasema kwamba mimi, mtumishi niliye katika kipindi cha majaribio, "nilipekua programu ya ofisi bila idhini na kusambaza matokeo yake". Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma cheti changu cha chuo. Kila nikiisoma natafuta neno moja la uongo nilikatie rufaa, na silipati. Ni kweli nilipekua. Ni kweli nilisambaza. Leo nikirudishwa pale pale nitapekua tena, na safari hii nitachapa nakala mbili.

Mimi si mtu jasiri. Nalisema hili mapema asije mtu akanifikiria vingine. Mimi ni yule ambaye akifunga mlango hurudi mara tatu kuutikisa. Shuleni nilikuwa nikimaliza mtihani wa hisabati kabla ya wenzangu, halafu natumia muda uliobaki kufuta majibu yaliyokuwa sahihi. Nilipoajiriwa Karatu kwenye mradi wa mifugo, kazi yangu ya kwanza, nilitembea na kikaratasi mfukoni chenye sentensi ya kumwambia mkuu wa mradi siku nitakayokosea: "Naomba radhi, mzee, nitarekebisha mara moja." Niliiandika siku ya kwanza kazini, kabla sijagusa kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kompyuta. Ofisi yetu ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, na kila lori lililopita lilituachia vumbi jekundu juu ya meza, kwa hiyo mashine ilifunikwa shuka la kitanda. Jenereta iliwashwa saa nane mchana na kuzimwa saa kumi na moja, maana dizeli ilikuwa ya kuombea kibali. Mashine haikuwa na picha wala rangi. Ilikuwa na kioo cheusi, herufi za kijani na alama moja iliyopepesa ikisubiri uiandikie amri. Unaandika neno, unabonyeza, inatii au inakataa. Nilipenda kwamba haikunitazama usoni.

Mwaka ule nyati walikuwa wameanza kufa kule juu, ukingoni mwa kreta. Bwana mifugo wetu, Mmaasai wa makamo aliyekulia huko huko Ngorongoro, alishuka siku moja akatueleza alivyoona mizoga kando ya njia ya maji, macho yamejaa usaha. Hakulitaja jina la ugonjwa mara moja. Alivua kofia kwanza.

"Sotoka," alisema. "Ikishuka kwenye ng'ombe msinitafute mimi. Tafuteni majembe ya kuzikia."

Chanjo ingeletwa kwa lori kutoka Arusha ndani ya masanduku ya barafu, na isingedumu. Kila kijiji kingepewa siku moja, na watu wangeitwa kwa orodha. Ng'ombe aliyemo kwenye orodha anaingia kwenye kibanio, kile kichochoro cha miti, anachomwa sindano, anatobolewa sikio. Asiyemo anarudi alikotoka. Orodha ingetolewa na kompyuta, na wa kukusanya habari za kuilisha kompyuta nilikuwa mimi.

Nilipewa Kansay kwa sababu ni kwetu. Sasa, kwetu sisi Wairaqw, ng'ombe unaowaona zizini kwa mtu si lazima wawe wake. Watu huwekeana ng'ombe. Unampa rafiki mtamba akae naye. Yeye anapata maziwa na mbolea, wewe unabaki na ndama, na pia unapata utulivu wa moyo, maana maradhi yakiingia zizini kwako hayakumalizi. Mambo haya hayatangazwi. Mtu anaweza kuwa na ng'ombe kumi na watano, kijiji kizima kikaona ana watatu, naye akapenda ibaki hivyo. Lakini fomu ya mradi ilikuwa na safu mbili: nyumba anakolala ng'ombe, na mwenye ng'ombe. Ilitaka yote mawili ili ugonjwa ukizuka ijulikane mnyama ametoka wapi na huenda akarudishwa wapi.

Mzee wa nyumba ya kwanza aliniangalia mimi, akaiangalia fomu, akasema kwa Kiiraqw kwamba ng'ombe wote ni wake, pamoja na yule aliyekuwa akipita barabarani na mchungaji wake. Wanawe wakaangua kicheko. Nilirudi nyumba ile mara tatu, kwa tabia yangu ile ya kutikisa mlango, na mara ya tatu nikaapa. Nilimwambia: nitajie mwenye wa kweli, mashine italiweka jina tumboni, haitalichapa. Orodha itaonyesha nyumba tu. Nilikuwa na hakika kwa sababu nilikuwa nimeijaribu programu ile kwa majina ya bandia kupita kiasi. Neno langu likazunguka kijijini. Karibu nusu ya watu waliniamini na kutaja wenye wa kweli. Wengine waliendelea kuwa matajiri wa ng'ombe wa wenzao, na sikuwalaumu.

Kisha mtaalamu wa kompyuta akaja kutoka Arusha na disketi mpya. Alikuwa mtu mchangamfu, kalamu nne mfukoni mwa shati, na ndiye aliyekuwa ameitunga ile programu.

"Nimebadilisha kichwa cha karatasi tu," aliniambia. "Jina la mradi lilikuwa fupi, wakubwa wanataka liandikwe lote. Mengine yote ni yale yale. Ile ya zamani nirudishie."

Nilimrudishia. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeinakili, kwa kuwa mimi hunakili kila kitu, na sikuwa na nia mbaya yoyote wakati huo.

Alipoondoka niliichapa orodha ya Kansay kwa programu mpya. Ilitoka fupi. Niliisoma kwa kidole kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kisha nikaiweka kando ya daftari langu la fomu nikalinganisha mstari kwa mstari. Waliokosekana hawakukosekana ovyo ovyo. Kila ng'ombe ambaye mtunzaji wake alikuwa amesema kweli, "huyu si wangu, ni wa fulani," hakuwemo. Wale wa waliosema uongo walikuwemo wote.

Nilimpelekea mkuu wa mradi. Alikuwa mtu wa haki kwa kawaida yake, ila alichoka upesi na mambo asiyoweza kuyashika kwa mkono.

"Umekosea kuandika," alisema.

"Nimehakiki mara nne, mzee."

"Ndugu, mashine haina ukoo. Haijui nani ni nani Kansay. Wewe unajua. Sasa kati yenu wawili, nani kakosea?"

"Programu imebadilika."

Akamwita mtaalamu kwa redio ya upepo, mbele yangu. Sauti ilirudi ikikwaruza: "Programu ni ile ile, mzee. Mwambie kijana wako ajifunze kuchapa." Mkuu akaweka chombo chini akanitazama. Kikaratasi kilikuwa mfukoni. Nilikigusa. Naomba radhi, mzee, nitarekebisha mara moja. Kingemaliza kila kitu. Nilichofikiria ni yule mzee wa nyumba ya kwanza, ambaye hatimaye alinitajia wenye wa kweli, watatu, tena kwa kunong'ona. Nikakiacha kikaratasi mahali pake.

"Lori linakuja Alhamisi, wiki mbili kutoka leo," mkuu alisema. "Mpaka hapo nataka orodha yenye sahihi yako kama mwendeshaji."

Hapa lazima nieleze jambo moja, nalo si gumu. Programu huandikwa kwanza kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma. Halafu hutafsiriwa kuwa namba tupu, maana mashine inakula namba tu. Sisi Karatu tulipewa namba. Maneno yalikuwa kabatini kwa mtaalamu, Arusha. Nilichokuwa nacho ni safu mbili ndefu za namba, ya zamani na ya mpya, na kazi ya kuonyesha zimetofautiana wapi.

Nilianza kijinga. Niliandika programu ndogo ya kusoma namba ya kwanza huku na ya kwanza kule, ya pili huku na ya pili kule. Baada ya mwanzo kidogo kila kitu kilitofautiana mpaka mwisho. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, kisha nikaelewa. Jina la mradi lilikuwa limerefuka, kwa hiyo kila kilichokuwa nyuma yake kilisukumwa mbele. Na kwa kuwa ndani ya programu kipande kimoja humwita mwenzake kwa kutaja mahali alipo, kila kutajwa kwa mahali nako kulikuwa kumebadilika. Mtaalamu angesema ni kichwa cha karatasi tu kilichofanya yote hayo, na nisingekuwa na la kumjibu.

Jumapili nilikwenda Kansay kwa mama. Alikuwa barazani akichambua maharage. Nilijua ana ng'ombe saba katika nyumba tano, na kwamba wote saba walikuwa wametajwa kwa kweli, kwa sababu aliwaagiza watunzaji wafanye hivyo kwa ajili yangu. Nilimweleza kwamba hakuna hata mmoja aliyemo.

"Kwa hiyo yule aliyesema ng'ombe wa mwenzake ni wake, atachanjiwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu aliyesema kweli?"

"Hapana."

Alitupa harage bovu uani. Kuku wakaligombania. "Basi rudi ukawaambie hapana."

"Wanataka ushahidi. Zote mbili ni namba, na kila kitu kimehama mahali pake."

"Kimehama tu?" Akacheka. "Wewe mtoto umesoma mpaka umechoka. Yule wangu mwekundu wa Endabash si amehama nyumba tatu?"

Nikaijua hadithi inayokuja, nimeisikia mara nyingi, lakini nilikuwa sijawahi kuisikiliza. Mtunzaji mmoja wa kijiji cha Endabash alimrudishia mama ng'ombe ambaye hakuwa wake. Mwekundu vile vile, pembe imepinda vile vile, hata kovu. Kila mtu alimwambia mama achukue ng'ombe wake aende.

"Ulijuaje?" nilimuuliza.

"Yeye mwenyewe sikumwangalia. Ng'ombe mwekundu ni ng'ombe mwekundu. Nilimpeleka majini siku wanapokutana wote. Wangu, akimwona mama yake, humwendea, na mtoto wake naye humfuata nyuma. Huyu alisimama. Hakumfuata mtu, hakufuatwa na mtu. Nikamrudisha. Yule bwana akaniambia, mama, umechanganyikiwa. Nikakaa mlangoni kwake siku mbili, napika uji wangu hapo hapo, nawasalimia wageni wake. Siku ya tatu akamleta wa kweli."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Niliogopa nikiwa nimekaa."

Nilirudi Karatu kwa miguu sehemu kubwa ya njia na sikumbuki hata kilima kimoja. Ndani ya zile namba kuna moja ambayo maana yake ni "mwite", na mbili zinazoifuata hutaja mahali pa kuita. Kuna nyingine ambayo maana yake ni "rudi ulikotoka". Kwa hizo mbili ningeweza kuikata programu yote kuwa vipande. Halafu ningefumbia macho mahali. Nisingeuliza kipande kiko wapi. Ningeuliza kinawaita nani, kwa mpangilio gani, na nani anakiita chenyewe. Kipande cha zamani na cha mpya vyenye ndugu wale wale ni kimoja, hata kama kimehamia Endabash.

Asubuhi niliandika kwenye daftari, mchana jenereta ikiwaka niliingiza. Nilikuwa na disketi ya vifaa vya kuandikia programu niliyotoka nayo chuoni, na kitabu kimoja cha maagizo ya mashine ambacho kilikuwa kimepoteza jalada. Nilikiita chombo changu LINGANA. Kilikuwa neno la kuandika mbele ya ile alama inayopepesa, ukifuatisha majina ya programu mbili unazotaka zilinganishwe, basi.

Siku ya kwanza kilisema hakuna vipande vinavyofanana hata kidogo. Nilitafuta kosa siku nzima iliyofuata na kulikuta mahali pa kuchekesha: kilikuwa kinasoma mfululizo tangu mwanzo, kikakutana na jina la mradi wetu, lile refu, kikadhani kila herufi ni amri. Kikatii jina. Toka hapo kikapotea. Nikakifundisha kisisome mfululizo, kianzie mlangoni programu inapoanzia, na kiende kule tu kinakoitwa, kutoka kipande hadi kipande. Herufi za jina haziitwi na mtu, kwa hiyo zingebaki kando peke yake.

Siku iliyofuata kilisema vipande vyote ni sawa. Hilo lilinitisha kuliko lile la kwanza. Je, mtaalamu alikuwa mkweli? Je, nilichapa vibaya, mimi, mara zote nne? Nilitoka nje nikazunguka nyumba ya ofisi. Nikarudi nikatoa kikaratasi mfukoni kabisa nikakisoma. Ndipo nikaona kwenye kioo, mahali nilipoandika amri, kwamba nilikuwa nimelinganisha ya zamani na ya zamani.

Niliandika tena, herufi moja moja: LINGANA ZAMANI MPYA. Mashine ikanguruma, taa ya disketi ikawaka na kuzimika. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Kisha ikasema kuna vipande mia na arobaini na vitatu, na vyote ni sawa isipokuwa viwili. Kimoja kilikuwa kile cha kuchapa kichwa cha karatasi, kwa hiyo hapo mtaalamu alisema kweli. Cha pili kilikuwa kile cha kuamua ng'ombe gani aandikwe. Kilikwenda sawa na cha zamani hatua kwa hatua, halafu katikati yake kulikuwa na hatua nne ambazo zamani hazikuwepo. Nilizitafsiri kwa mkono pembezoni mwa karatasi: chukua namba ya nyumba. Chukua namba ya mwenye. Linganisha. Zisipolingana, ruka.

Nilikuwa peke yangu chumbani na nilisema kwa sauti, "Nimekuona."

Jumatano, siku moja kabla ya lori, mtaalamu alikuja mwenyewe kurekebisha "makosa ya uchapaji". Tulikaa wanne ofisini kwa mkuu: mkuu, mtaalamu, bwana mifugo na mimi. Niliweka karatasi mezani. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yangu tangu alfajiri na yote yalikuwa yamenitoka.

"Ndugu," mkuu alisema, "nilikuomba orodha. Hii ni nini?"

"Ni programu zote mbili, mzee. Nimezilinganisha."

Mtaalamu akacheka kwa wema kabisa. "Haiwezekani kulinganisha, kijana. Kila kitu kimesogea. Utaona tofauti elfu."

"Nimeona mbili." Nikaweka kidole kwenye ile ya pili. "Hii hapa uliiongeza wewe."

Aliinama akasoma. Uso wake haukubadilika, ila kalamu aliyokuwa akiichezea ilisimama. "Nani kakufundisha kupekua programu ya watu namna hii?"

"Uliiongeza au hukuiongeza?"

"A, hiyo!" Akajiegemeza kitini. "Hiyo siyo kubadilisha, mzee, hiyo ni kusafisha. Mtu ana ng'ombe nyumba hii, lakini ng'ombe analala nyumba ile? Hao ni ng'ombe hewa. Watu wanawaandikisha mara mbili wapate dawa nyingi. Wilaya nyingi tunawasafisha hivyo hivyo."

Bwana mifugo, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeuka. "Hewa?"

"Hewa, ndugu yangu."

"Hewa hainyi. Nenda Kansay uvue viatu, utembee zizini, halafu urudi utuambie umekanyaga nini."

Mkuu alikohoa kuficha kicheko. Kisha akakunja uso tena, maana shida yake ilikuwa kweli: orodha fupi ilikwisha kusomwa Arusha kwa redio, wakubwa walikuwa wameikubali, na kuibadilisha siku moja kabla ya lori kungemfanya aonekane hajui kilichomo ofisini kwake. Alieleza hayo polepole, kama anayeniomba nimwelewe, na nilimwelewa. Hilo ndilo baya la kufikiri sana, unamwelewa kila mtu.

"Tutachanja hawa waliomo," alisema. "Waliobaki tutawaombea awamu nyingine. Tia sahihi, ndugu."

"Sitatia."

Sauti ilitoka imetetemeka kama ya mwanambuzi, lakini ilitoka.

"Unasema?"

"Niliwaambia wataje kweli, nikawaapia. Walioficha watachanjiwa, walioniamini watarukwa. Nikitia sahihi hapo ni mimi ninayewaruka. Sitatia, mzee. Ya zamani ninayo. Nitaichapa hiyo, na hiyo nitaitia sahihi."

"Unayo vipi?" mtaalamu akauliza.

"Ukiichapa," mkuu alisema, "chapa na barua yako ya kuacha kazi."

"Karatasi iliyobaki inatosha orodha moja tu."

Haikuwa kiburi, ilikuwa kweli. Karatasi ya printa ilikuwa haijaletwa tangu mvua. Lakini bwana mifugo alipiga paja lake akacheka mpaka akakaa chini, na mkuu akachukua kofia yake, akasema anakwenda kuona kama dizeli ya lori imefika. Hakunikataza. Sijui mpaka leo kama alisahau au aliamua. Nimelifikiria sana. Mtaalamu alibaki akinisomea kanuni huku printa ikikwaruza, mstari baada ya mstari, na ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika chache orodha ya zamani ilikuwa nzima. Nikatia sahihi. Bwana mifugo aliikunja akaiweka ndani ya shuka lake, na kile kikaratasi changu cha kuomba radhi nikakitupa kwenye ndoo ya takataka.

Siku ya Kansay watu walikuja mapema. Bwana mifugo alisoma nyumba kwa nyumba, idadi ya ng'ombe tu, jina la mwenye hata moja halikutoka kinywani mwake, maana halikuwemo. Yule mzee wa nyumba ya kwanza aliposikia idadi yake imetimia alinitazama ng'ambo ya kibanio, akanyanyua fimbo yake kidogo, akaishusha. Mama alikuwa amesimama mbali na kapu kichwani, kama mtu aliyekuwa akipita kwenda kununua chumvi. Hakuangalia ng'ombe hata mmoja. Mimi niliwaona wake saba wakipita, mmoja mmoja, kila mmoja na mtunzaji wake, yule mwekundu akiwa wa tano.

Tulikuwa tunakaribia kumaliza pale mwanamke mmoja kutoka upande wa Endabash alipoleta mtamba mweusi mwenye tumbo jeupe.

Bwana mifugo alipitisha kidole kwenye orodha. "Huyu hayumo." Akageukia kwangu, meno nje. "Mtaalamu wetu, hayumo kwenye ya zamani au hayumo kwenye mpya?"

"Hayumo popote," nilisema. Sikuwa nimewahi kumwandika. Yule mwanamke aliangalia chini.

Mtamba alichomoka mkononi mwake. Alipita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja mpaka kwa yule mwekundu aliyekuwa amekwisha kuchanjwa, akasimama ubavuni mwake, akatulia. Nikamtazama mama. Kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa akiangalia ng'ombe.

Bwana mifugo aliona nilichokiona. Yeye ni mtu wa ng'ombe. "Naam?" alisema kwa sauti ya chini. "Turuke?"

Nilichukua kalamu, nikaandika kwa mkono chini ya orodha, chini ya sahihi yangu mwenyewe, nyumba ya yule mwanamke na ng'ombe mmoja.

"Mwenye?" akaniuliza, kwa kunichokoza tu.

"Hatuandiki mwenye."

Akamchoma sindano.

Barua ya onyo ilikuja wiki iliyofuata, na pamoja nayo uhamisho: nikasimamie josho la Endabash, ambako kazi yangu ni kupima kina cha dawa kwa fimbo yenye alama. Sotoka haikushuka Kansay. Kwamba ilizuiwa na mistari niliyoirudisha mimi, siwezi kuthibitisha, nimejaribu. Disketi ya LINGANA iko kwenye bati la biskuti chini ya kitanda changu, na kila disketi mpya inapofika Karatu bwana mifugo hupita josho akaniambia, nami huenda mchana, kwa baiskeli, bila idhini.

Ile barua nilimpelekea mama nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua.

"Yule mweusi," nilisema. "Kwa nini hukunitajia?"

"Ulikuja na fomu ya serikali."

"Nilikuwa mimi, mama."

"Ndiyo. Ulikuja wewe na fomu."

Nilimuuliza kama yuko mwingine ambaye simjui. Alipepeta ungo, akapuliza makapi, akaniuliza kama nimekula.